Katoni Mbele ya Lenzi

Mwezi uliopita tulimsindikiza Papa Kambale hadi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Ndugu zake walitaka azikwe Butembo, kwenye milima alikotoka, kwa hiyo jeneza lilipaswa kupanda ndege ya mizigo, na ndege ilichelewa. Tulikaa kando ya hangari tangu asubuhi, juu ya viti vya plastiki vilivyoletwa na gari la kanisa, wafanyabiashara wa Kivu upande mmoja, sisi watu wa mtaa wa Bel-Air upande mwingine. Mtu alipitisha ndoo ya mikate ya mafuta na chai ndani ya termosi. Wanawake wawili nyuma yangu walikuwa wanamzungumzia marehemu. Mmoja alisema, "Papa alikuwa mukali, banafichana nini?" Mwingine akajibu, "Hapana. Alikuwa na haya. Muntu ya haya, bantu banamuita mukali." Niligeuka nimwone aliyesema hivyo. Sikumfahamu, nikarudisha macho kwenye lami. Mimi nilifanya kazi kwa Papa Kambale mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na moja, na tangu siku ile ya hangarini nimekuwa nikijaribu kuuandika mwaka huo. Naandika polepole. Nilisoma hadi darasa la sita, na kila sentensi naipitia mara mbili kabla ya kuiacha iende.

Papa Kambale alikuwa na depo ya jumla: maharage, mchele, chumvi, samaki wa tomsoni walioganda ndani ya katoni. Nyuma ya depo kulikuwa na chumba kirefu kisicho na dirisha. Humo alipanga mabenchi kumi na mawili, akatundika shuka jeupe ukutani, akaweka projekta juu ya meza ndefu ya mbao. Kila mchana tulionyesha filamu. Mwanzoni niliajiriwa kufagia na kukata tiketi. Opereta wa kwanza alipoondoka kwenda Kolwezi, Papa Kambale alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama Sido, weye hausemake mingi. Machine inapenda muntu wa vile." Aliniita mama ingawa ningeweza kuwa binti yake, na jina langu kamili, Sidonie, sikumbuki kama alilitamka hata mara moja. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kuonyesha filamu. Chumba kilinuka samaki na jasho, na mvua ilipopiga mabati hakuna aliyesikia maneno ya filamu, lakini watu walibaki wamekaa, wakaangalia midomo ikifunguka na kufumbika.

Saa saba tulikula pamoja, yeye, mimi na wabebaji wawili wa magunia, kwenye kibaraza cha depo. Katika miaka yake yote Lubumbashi hakuizoea bukari yetu, ugali wa mahindi. Aliikata kidogo kidogo kwa vidole, akaitazama, akasema kwamba huku kwetu watu wanakula mawingu. Wabebaji walimjibu kwamba huko kwao wanakula gundi, maana ugali wa muhogo unashika hata kope. Alicheka kwa pua tu, bila kufungua mdomo. Sahani yake aliigeuza pembeni kidogo ili asimtazame mtu anayetafuna. Nililiona hilo kila siku, na sikulifikiria.

Chumba chake kilikuwa na sheria moja. Kwenye mabenchi yale waliketi watu wa rika zote na wa jamaa zote: mama wa kanisa, mume wa binti yake, babu na wajukuu. Kwetu baba mkwe na mkwe hawali sahani moja, na mkwe akikutana na baba wa mke wake njiani hushuka kando ampishe. Sasa weka watu hao kwenye benchi moja, halafu kwenye shuka mtu aanze kuvua nguo. Papa Kambale alikata kipande cha katoni ya samaki, ukubwa wa viganja viwili, akanipa. Picha ya aibu ikikaribia, nilipaswa kuweka katoni mbele ya lenzi. Sauti iliendelea, shuka likawa jeusi, watu wakakohoa, wakasubiri. Aibu ikipita, naondoa. "Muntu akipata haya humu ndani," aliniambia, "hatarudia tena. Na miye pia sitaweza kumuangalia mu macho."

Ili nisikosee, kila asubuhi niliangalia filamu ya siku hiyo peke yangu, nikaandika dakika kwenye daftari la shule. Niliiangalia bila sauti, kwa sababu ukutani upande wa pili wateja wa depo walikuwa wananunua na hawakutaka kelele. Dakika ya kumi na nane, funika. Dakika ya hamsini, funika kidogo. Baada ya miezi michache mkono wangu ulijua wenyewe. Siku hizi kila mtu anaangalia peke yake kwenye simu, na haya imebaki shauri la mtu na kidole chake. Wakati ule ilikuwa mkononi mwangu, na nakiri kwamba nilijivunia. Mimi niliyeshindwa kuomba chumvi mezani kwa sauti niliamua nini watu mia moja waone na nini wasione.

Kipwa kilipoingia, majira yetu ya baridi na vumbi, alikuja depo mwanamke wa mjini aliyeitwa Madame Béatrice. Alikuwa anaandaa tamasha la filamu la wiki moja, katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi, na opereta wake alikuwa ameugua. Mtu alikuwa amemwambia kwamba Bel-Air kuna msichana ambaye kwake filamu haikatiki. Papa Kambale alisimama kati yetu kama mzazi anayeombewa binti. Aliuliza ukumbi uko wapi, nani atanirudisha, nitakula nini. Mwishoni alisema, "Aende. Lakini asirudie kuniambia shuka yangu ni chafu." Nikaenda na daftari langu, na bila kuwaza mara mbili nikaenda na katoni.

Chumba cha mashine kule kilikuwa juu, unakifikia kwa ngazi ya chuma. Ndani kulikuwa na kiti kimoja, meza, mashine kubwa kuliko ya Papa Kambale, na dirisha dogo lililonionyesha ukumbi mzima kwa nyuma: migongo, visogo, vitambaa vya kichwa. Nilikipenda siku ile ile. Mtu mwenye haya anahitaji mahali anapoweza kuwaona watu bila kuonwa. Saa sita waliniletea sahani ya wali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na niliila nikisikiliza mazungumzo ya chini yakipanda kupitia dirisha, wasomi wa chuo cha Kasapa wakibishana kwa Kifaransa juu ya filamu niliyoonyesha, wakisema mambo ambayo sikuyaona humo ndani hata kidogo.

Siku ya tatu mchana ilikuwa zamu ya filamu ya Ghislain, kijana wa chuo cha Kasapa. Asubuhi niliiangalia kama kawaida, bila sauti, maana chini kulikuwa na mkutano. Ilikuwa filamu ya maisha ya kweli, juu ya baba yake, Mzee Ilunga, aliyefanya kazi mgodini miaka thelathini na sasa hakuweza kusimama bila kushikwa. Dakika ya thelathini na moja mzee anaoshwa. Yuko uchi, juu ya kigoda, ndani ya chumba chenye mwanga mdogo, na mikono ya mtu inapitisha kitambaa mgongoni, kwenye mbavu, kifuani, kila mahali. Uso wa anayeosha hauonekani. Niliandika: 31, funika, dakika nzima.

Mchana ukumbi ulijaa. Kabla ya kuzima taa nilichungulia, nikamwona Mzee Ilunga mwenyewe, mstari wa mbele kabisa, ndani ya koti la suti lililomzidi. Nyuma yake aliketi mwanamume mnene aliyemwekea mkono begani, na niliwasikia vijana waliokaa karibu na dirisha langu wakiambiana, "Ule njo mukwe yake, bwana ya binti." Baba mkwe mbele, mkwe nyuma yake, na picha ile inakuja. Nilijiona ni mimi pekee katika ukumbi mzima ninayeweza kumwokoa mzee huyo.

Dakika ya thelathini na moja nikaweka katoni. Skrini ikawa nyeusi. Maji yakasikika, kitambaa kikikamuliwa ndani ya beseni, pumzi ya mzee. Kisha sauti yake, nzito na ya taratibu: "Maji iko ya moto, mukwe wangu. Pole pole." Na sauti nyingine ikajibu, "Ndiyo, papa. Geuka kidogo."

Nilielewa hapo hapo. Ghislain ndiye aliyeshika kamera, basi mikono ile ilikuwa ya nani? Sikuwa nimejiuliza. Mikono ilikuwa ya mwanamume mnene aliyekaa nyuma. Nilichokuwa nikimficha mkwe ni kitu ambacho mkwe mwenyewe alikuwa anakiosha. Ningeweza kuondoa katoni wakati ule. Zilibaki sekunde arobaini, labda zaidi. Lakini niliwaza kwamba nikiiondoa ghafla, katikati, watu wote watageuka na kujua kuna mtu huku juu. Kwa hiyo niliiacha. Nilisimama na mkono ulioinuliwa, nikisikiliza mzee akioshwa gizani, mpaka dakika ikaisha.

Makofi yalikuwa makubwa. Katika mazungumzo baada ya filamu, mgeni mmoja mwenye miwani alichukua kipaza sauti akasema kwamba giza lile lilimtikisa kuliko picha yoyote, kwamba ni uamuzi wa msanii mkubwa. Wengine wakaitikia. Ghislain alisimama mbele yao. Kisha akasema, "Asante," na akaangalia juu, kuelekea dirisha langu.

Alipanda ngazi ya chuma bila kukimbia. Alisimama mlangoni.

"Ni panne ya machine, ao ni weye?"

Nilionyesha katoni juu ya meza.

"Juu ya nini ulifunika, Sido?"

Nilionyesha chini kupitia dirisha, mahali ambapo mwanamume mnene alikuwa anamsimamisha Mzee Ilunga, akimshika chini ya kwapa kwa namna ya mtu aliyeizoea kazi hiyo.

"Ule ni beau wangu, bwana ya dada yangu, Dieudonné," Ghislain alisema. "Tangu mwaka jana, ni yeye njo anaosha baba. Miye niko Kasapa, dada yangu hana nguvu ya kumubeba. Mu quartier banamucheka. Banasema mukwe gani anagusa mwili ya baba ya bibi yake, ule ni muntu bila haya. Hata kanisani banamukimbia. Baba njo aliniomba. Alisema, 'Upige picha na mwili yangu, yote. Bantu baone kazi ya mukwe wangu mbele nife.'" Alifuta uso kwa kiganja. "Daktari alituambia, labda atamaliza kipwa hii, labda hapana. Leo alivaa suti. Na bantu bameona nini? Giza. Na banapiga makofi."

Alishuka. Sikulia. Nilifunga mashine, nikafunika kwa kitambaa chake, nikakaa.

Asubuhi iliyofuata Madame Béatrice aliniita kwenye ofisi yake, chumba chenye mabango yaliyokunjwa hadi darini, akanipa karatasi yenye muhuri. Yeyote aliyefanya kazi mahali penye ofisi mjini kwetu anaijua: demande d'explication, barua ya kukutaka ueleze kosa lako kwa maandishi katika saa arobaini na nane, na mkate wako unategemea jibu. Ghislain alikuwa amelalamika, kwa hiyo alilazimika kunipa. Lakini alifunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini.

"Écoute, Sido. Uandike lampe ilizima. Mustari moja tu. Lampe inazimaka, kila muntu anajua. Bageni bamependa, ba jury bamependa, kijana atapata zawadi yake. Nani anaumia?"

"Mzee," nilisema. Nadhani lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumjibu zaidi ya ndiyo.

"Mzee atapigiwa makofi siku ya kufunga. Ukiandika ingine, siwezi kukuweka hapa. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Jioni nilipitia kwa Papa Kambale. Mke wake alikuwa ameandaa viazi na maharage, chakula cha kwao, na kahawa nyeusi. Nilimsimulia yote nikiangalia sahani. Alisikiliza akiwa amegeuza yake pembeni. Nilipofika kwenye maneno ya mzee gizani, mukwe wangu, pole pole, aliacha kutafuna.

Mke wake alikuwa wa kwanza kusema. "Mukwe kumuosha papa mukwe. Miye nitakufa mbele nione vile."

"Nyamaza kwanza," alimwambia, bila ukali. Kisha akanigeukia. "Katoni ni yangu. Andika jina yangu. Andika ni Kambale wa depo njo alikufundisha. Batanifanya nini? Batakuja kufunga maharage?"

Nilimshukuru, nikakataa kwa kichwa. Nimefikiria mara nyingi sababu ya kukataa, na siku ile Luano, mbele ya jeneza lake, nilifikiria tena. Alikuwa amenifundisha kufunika. Kuacha nimefunika baada ya kujua, hilo hakunifundisha mtu.

Niliandika usiku na asubuhi yake. Nilichana kurasa nyingi za daftari. Jibu lilitoka hivi, na nalikumbuka lote kwa sababu lilikuwa fupi: "Madame, lampe haikuzima. Nilifunika kwa mkono wangu kwa sababu nilidhani namlinda mzee mbele ya mukwe wake. Nilipowasikia, nilijua nimekosa. Sikuondoa katoni kwa sababu niliogopa watu kujua niko pale. Naomba filamu ionyeshwe tena yote, mzee akiwepo." Nilipeleka nakala moja ofisini na nyingine nikampa Ghislain mkononi. Madame alisoma akiwa amesimama. "Unajua unanifanya nini?" aliuliza. Baadaye akasema, "Siku ya Yenga, saa tisa. Wewe njo utaonyesha, sina muntu mwingine. Kisha tutaachana." Na tuliachana kweli. Tamasha la mwaka uliofuata nililisikia redioni.

Yenga, yaani Jumapili, baada ya ibada, watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu habari ilikuwa imetembea. Walikuja majirani wa Mzee Ilunga, wale wale waliokuwa wakimcheka Dieudonné. Alikuja mgeni mwenye miwani. Alikuja Papa Kambale na suti yake ya kanisani, pamoja na mke wake na mkwe wao, na waliketi wakiacha viti viwili vitupu kati ya mkwe na wao. Mzee Ilunga waliingia naye wamembeba ndani ya kiti. Alikuwa amepungua hata katika siku hizo nne. Safari hii Dieudonné hakuketi nyuma yake, aliketi kando yake.

Nilianzisha filamu. Mikono yangu niliiweka juu ya meza, mbele yangu, mahali ninapoiona. Dakika ya thelathini na moja ikafika na picha ikajaa skrini: mgongo wa mzee, kovu refu la mgodini, mbavu zinazohesabika, na mikono minene ya Dieudonné ikipita juu yake kwa upole ambao sikuwa nimeuona siku ile nilipoangalia bila sauti, nikitafuta dakika tu. Ndipo nikaona kitu kinatokea chini. Kisogo cha Papa Kambale kilishuka. Cha mke wake kikafuata, kitambaa chake kikainama mpaka magotini. Mkwe wao akaegemeza paji la uso kwenye kiganja. Mstari baada ya mstari, wazee, mama za kanisa, majirani, wote wakainamisha vichwa, kwa heshima, kama watu wanaoombewa. Hakuna aliyewaamuru. Maji yakasikika, mzee akasema pole pole, mkwe akasema geuka kidogo, na ukumbi mzima ulikuwa unaangalia viatu vyake.

Mzee Ilunga alihisi. Sijui alihisi vipi. Alishika mkono wa kiti chake, akageuka kwa shida, kwanza bega, kisha shingo, mpaka akauona ukumbi ulio nyuma yake. Alikaa hivyo mpaka picha ikabadilika, ikawa uwanja wa nyumba na kuku. Kisha akainua macho hadi dirisha langu.

"Nani iko ku machine?"

Nilisogeza uso wangu karibu na dirisha, mwanga wa mashine ukaniangukia, na kwa mara ya kwanza watu wote wa ukumbi ule waliniona.

"Ni miye, papa."

"Mwanangu, rudisha," alisema. "Habakuangalia."

Madame Béatrice alikuwa amesimama kando ya mlango. Alitazama dari. Ghislain hakusogea. Nilisimamisha filamu, nikairudisha hadi dakika ya thelathini na moja, nikaiacha iende. Dieudonné alikuwa amekaa wima, mikono yake juu ya magoti, ile ile iliyokuwa kwenye skrini. Vichwa vikaanza kuinuka, kimoja huku, kimoja kule, jirani mmoja, kisha mwanamke aliyeinama chini kabisa. Papa Kambale alikuwa wa mwisho. Alikiinua kichwa chake taratibu, kama anayenyanyua gunia, na alipokiinua hakukishusha tena mpaka maji yakaisha ndani ya beseni.